Mchezo wa Kufuata Kengele

Chekechea ya mama mdogo Kalipa ni ya duara. Haina kona hata moja, kwa hiyo hakuna pa kumsimamisha mtoto mtundu, na hilo kwa maoni yangu ni pengo kubwa katika elimu. Nilimweleza hivyo siku niliyofika malishoni kutoka shule yetu ya bweni kule mjini Naryn, ambayo ina kona za kutosha, nami nimesimama katika nyingi. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa nyundo, akaniambia nikakaze vigingi vya hema.

Kila kiangazi wachungaji hupanda milimani na mifugo kufuata majani ya juu, watoto wadogo hupanda nao, na mama mdogo hupanda na hema lake la sufu na sanduku la vyombo vya muziki. Ndani yake mna filimbi za udongo alizozifinyanga na kuzichoma mwenyewe, njuga za vifundo vya kondoo, ngoma ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye ndoo, na komuz ya nyuzi tatu ambayo mtoto haruhusiwi kuigusa kabla ya kunawa mikono, maana yake karibu hakuna aliyewahi kuigusa.

Mama mdogo hapigi kelele. Anaamini kwamba mtoto ambaye bado hajaota meno ya pili hujifunza kwa sikio na kwa miguu, na kwamba mdomo wa mwalimu humchosha tu. Ngoma ikilia polepole, watoto wanatembea kama ngamia. Ikilia upesi, wanakuwa farasi. Mimi nilikuwa msaidizi wa elimu, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kufuta kamasi.

Shida ilikuwa upepo. Filimbi za udongo hazisikiki nje ya hema, na mama mdogo alitaka watoto wacheze nje. Ndipo alipoazima kengele ya beberu.

Beberu huyo ni wa jirani yetu Dooron. Amehasiwa, ana ndevu, na kondoo wote humfuata yeye kwa sababu kondoo hawana akili ya kufuata kitu kingine. Nilimpa jina la Mkuu wa Shule. Sikumwonea. Ana macho ya manjano, anapenda kusimama mahali pa juu, na akikutazama kwa muda unaanza kukiri mambo ambayo hata hukuyafanya. Kengele yake ni ya shaba nzito, na sauti yake ni ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, kama mzee anayekohoa kwa adabu.

Basi ikawa ndio mchezo mkubwa wa kiangazi. Mama mdogo alijificha na kengele nyuma ya mawe, akaigonga kidogo, akasogea, akaigonga tena. Watoto walisimama, wakageuza vichwa, wakaifuata. Wa kwanza kuifikia alipata andazi lililopakwa malai. Na wa kwanza, karibu kila mara, alikuwa Sezim.

Sezim ana miaka minne. Ni binti wa Burmakan, yule mama anayekamua farasi kwenye hema la mwisho. Mashavu yake yamepasuka kwa jua na baridi, na huzungumza pale tu anapoona hakuna njia nyingine. Lakini ukigonga kengele, hata nyuma ya kilima, anasimama kama mbwa wa kuwinda, kisha anakwenda moja kwa moja, bila kukimbia, bila kukosea.

"Huyu atakuja kuwa mwanamuziki," mama mdogo alimwambia Burmakan.

"Awe daktari wa mifugo," alisema Burmakan. "Mwanamuziki tunaye mmoja, naye anaazima chumvi kwangu."

Asubuhi moja Dooron alikuja juu ya farasi, hakushuka.

"Kalipa, nirudishie kengele yangu."

"Niachie mpaka mwisho wa mwezi, baike," mama mdogo alisema. Baike ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri, hasa tukitaka kitu kwake.

"Waambie mbwa mwitu wangoje mpaka mwisho wa mwezi. Tangu umvue yule beberu kengele, kondoo hawajui aliko. Wanatawanyika kama harusi iliyoishiwa nyama. Jana nimeokota ngozi tu za kondoo wawili."

"Wangekuja chekechea," nilisema. "Tunafundisha kukaa kwenye duara."

Dooron alinitazama. "Wewe bado hawajakufukuza kule shuleni?"

"Wanalijadili, baike."

Mama mdogo alimpa kengele. Akawakusanya watoto, akawaeleza kwamba kengele imerudi kwa mwenyewe, na kuanzia kesho tutafuata mfuniko wa sufuria. Watoto walinung'unika. Sezim alikuwepo, akitafuna ncha ya mkanda wake. Alisikia kila neno. Lakini hakuna aliyejiuliza kama mtoto wa miaka minne anaweza kuelewa kwamba sauti ileile jana ilikuwa mchezo na andazi, na leo ni mbuzi.

Mchana, watoto walipolala, ukungu ulikuja. Kwetu ukungu haushuki kutoka mbinguni. Unatoka korongoni, chini kule mto unakonguruma, unapanda mteremko kama maziwa yanayofurika sufuriani. Nilikuwa nje nikianua matandiko. Nilipoinua kichwa, hema la Burmakan halikuwepo. Nilipoinua tena, farasi wetu hakuwepo, ingawa nilimsikia akitafuna karibu na sikio langu.

Niliingia ndani. Mama mdogo alikuwa amesinzia akiwa ameegemea sanduku. Watoto walikuwa wamejipanga chini ya blanketi refu, pua tu nje. Kati ya pua ya pili na ya tatu palikuwa na nafasi. Nikaweka mkono pale. Sufu ilikuwa na joto bado. Mlangoni buti za Sezim hazikuwepo.

Nilimwamsha mama mdogo kwa kumgusa bega tu. Alitazama uso wangu, akatazama nafasi ile, akasimama bila kuniuliza. Mzaha ninao mwingi, lakini uso wangu wa mzaha anaujua, na huu haukuwa wenyewe.

Ndipo tuliposikia. Juu ya mteremko, ndani ya ule weupe, mzee alikohoa kwa adabu. Kisha kimya. Kisha tena, mbele kidogo.

"Mungu wangu," mama mdogo alisema kwa sauti ndogo sana. "Anacheza."

Hakuweza kuwaacha watoto wengine. Aliketi mlangoni, akanyoosha miguu kuziba njia, akaniambia nikimbie kwa Burmakan. Nilikimbia huku nimenyoosha mikono mbele kama kipofu, nikaangukia kamba ya hema lao. Dooron alikuwa ndani akinywa maziwa ya farasi. Kundi lake alikuwa ameliacha juu na mbwa, kwa kuwa sasa lina kengele na halina wasiwasi.

Niliwaambia. Burmakan aliweka chini kibuyu, taratibu, mahali pake. Kisha akatoka bila viatu.

Tulipanda watatu. Burmakan alikuwa akiita. "Sezim! Sezim, mwanangu!" Dooron aliita pia, kwa sauti yake ya kufukuza ng'ombe, na mimi niliita mpaka koo likawaka. Kila tulipoita, ukungu ulizirudisha sauti zetu kutoka upande mwingine, kana kwamba huko juu walikuwepo watu wengine watatu wakimtafuta mtoto mwingine. Tukinyamaza kuvuta pumzi, kengele ililia. Kila mara mbele zaidi. Na upesi zaidi.

Dooron alitushika mikono wote wawili, ghafla. "Nyamazeni."

"Ninyamaze vipi?" Burmakan alisema.

"Sikiliza kengele. Beberu anatukimbia sisi. Tukipiga kelele anadhani namjia na mkasi wa manyoya. Anasonga, kondoo wanasonga, na mtoto anasonga nyuma yake. Tunamswaga mtoto wetu wenyewe."

"Anaelekea wapi?" niliuliza, ingawa nilijua, kwa sababu ngurumo ya mto ilikuwa imehama kutoka mgongoni kwetu ikawa ubavuni.

Dooron alielekeza fimbo yake upande wa ngurumo.

"Mimi ni mama yake," alisema Burmakan. "Atanisikia. Atarudi." Akavuta pumzi aite tena, mdomo ukabaki wazi.

"Nini?" Dooron aliuliza.

"Hatarudi," alisema. "Nilimfundisha asiitike." Maneno yalimtoka moja moja. "Nilitaka asizurure. Nilimwambia, kwenye ukungu ukisikia jina lako usiitike, hata kama sauti ni ya mama yako. Hasa kama ni ya mama yako. Nikamwambia ndivyo yule jini wa ukungu anavyowapata watoto."

Sote tuliambiwa hivyo tulipokuwa wadogo. Kila mama wa huku juu humwambia mwanawe, na kila mama aliambiwa na wa kwake, ili ukungu ukija watoto wakae ndani. Nami najua kutunga uongo bora kuliko huo. Lakini pale, katika weupe ule, tukiwa tumetoka kuita jina hilo kwa sauti tatu, nilijua jinsi tulivyosikika kwa mtu aliye huko juu na ana miaka minne.

"Basi tukae," alisema Dooron. "Beberu asiposikia mtu atasimama. Akisimama, na mtoto atasimama."

"Na mbwa mwitu?"

"Burmakan, tukae."

Tuliketi kwenye majani yenye maji. Dooron alimshika Burmakan mkono wa kulia, mimi nikamshika wa kushoto. Kama kuna kazi ngumu kuliko kukaa kitako wakati mtoto anatembea kuelekea korongoni, sijaiona na sitaki kuonyeshwa. Kengele ililia. Ikalia tena, ikiwa imepunguza mwendo. Burmakan alikuwa ameuma mkanda wa gauni lake asije akaita. Kucha zake ziliingia kwenye kiganja changu, nikaziacha, kwa sababu maumivu yale angalau nilijua yanatoka wapi.

Kengele ililia mara moja, fupi. Kisha haikulia tena.

Tulingoja. Mto ulinguruma. Mahali fulani jiwe liliviringika, likagonga jiwe jingine, na halafu halikugonga kitu kwa muda mrefu mno.

Burmakan alisimama. Dooron alimvuta chini, akaniegemea sikioni. "Amesimama ukingoni. Anapapenda pale, pana chumvi kwenye mwamba. Mimi akininusa atakimbia. Wewe unampa mkate kila siku, nimekuona. Nenda polepole. Usimwite mtoto. Usimwite mbuzi. Mkamate mtoto kwanza."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni msaidizi wa elimu tu. Nilivua koti lililokuwa likichakarisha, nikaanza kutambaa.

Kondoo walikuwa wamelala. Niliwapita nikiwagusa mmoja mmoja, migongo yenye mvuke, na kila nilipogusa kitu laini nilisimama na kupapasa kama kina mkanda na mashavu. Kisha kondoo wakaisha, majani yakaisha, mikono yangu ikawa juu ya mwamba wenye unyevu. Ngurumo ilikuwa chini yangu sasa, si mbele. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka huko kwa pumzi baridi.

Niliona ndevu kwanza. Mkuu wa Shule alikuwa kwenye kibaraza cha mwamba, upana wake kama meza ya chakula, akiramba ukuta. Nyuma yake, kando ya hewa tupu, alikuwa Sezim. Alikuwa amesimama wima, mikono imeshuka, kama anavyosimama akisubiri kengele igongwe tena. Kisigino cha buti yake ya kushoto hakikuwa juu ya kitu.

Nilisogea. Kokoto ikasagika chini ya goti langu, naye akageuza kichwa.

Hakulia. Alinitazama, nikiwa nimejaa matope, natambaa kwa mikono na magoti kutoka kwenye ukungu, na alirudi nyuma kidogo. Kidogo tu. Lakini nyuma yake hapakuwa na hata hicho kidogo.

"Ni mimi," nilinong'ona. "Kanyshai."

Alitikisa kichwa. "Hata yeye anajua majina," alinong'ona.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Beberu aliacha kuramba, akanitazama kwa macho yake ya manjano. Niliingiza mkono mfukoni, nikapata kipande cha andazi kilichoshikana na pamba, nikakiweka juu ya mwamba mbele yangu. Alifikiri. Kengele ilitikisika shingoni mwake bila kulia, na Sezim akainua mguu, tayari kumfuata.

"Sezim, tulia. Mchezo umekwisha."

"Onyesha miguu," alisema.

"Nini?"

"Mama alisema miguu yake inatazama nyuma. Onyesha."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, miguu yangu iko nyuma yangu, nyayo zinatazama mbingu. Yaani kwa alipokuwa yeye, ushahidi wote ulikuwa dhidi yangu. Ili kuionyesha ilibidi nigeuke, na ili kugeuka pale ilibidi nikae, na mahali pekee pa kukalia palikuwa ule ukingo. Nilijizungusha inchi kwa inchi. Nilihisi mwamba ukiisha chini ya mapaja yangu. Nikanyoosha miguu yote miwili mbele, hewani, juu ya mto ambao sikuweza kuuona, ncha za buti zangu zikielekea juu, alikopaswa kuwa Mungu. Sikuthubutu kupumua kwa tumbo.

"Haya," nilisema. "Vidole viko wapi?"

Alizitazama kwa muda mrefu, moja kisha nyingine. Alikuwa mkaguzi mkali kuliko wote waliowahi kunikagua, nami nimekaguliwa sana.

"Mbele," alikiri.

"Basi."

"Vichezeshe."

Nilivichezesha vidole ndani ya buti. Havionekani ndani ya buti, lakini nilivichezesha kwa moyo wote, na ncha za ngozi zilipanda na kushuka. Ndipo beberu alipopiga hatua kulifuata andazi. Kengele ikalia. Sezim akageuka kumfuata, mguu ule wa kushoto ukaenda mahali ambapo hapakuwa na mwamba, nami nikamdaka mkanda.

Sikumbuki kwamba nilifikiri. Nakumbuka uzito, ambao ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia na bado ulitosha kunivuta. Nakumbuka bega langu likigonga mwamba na pembe ya beberu ikinipita shavuni, na kengele ikilia, ikilia, huku kondoo wote wakiamka. Mkono mmoja ulikuwa na mkanda. Mwingine ulikuwa umeshika mguu wa nyuma wa Mkuu wa Shule, ambaye kwa sababu zake mwenyewe alivuta kwenda juu. Alituburuta mpaka kwenye majani, akanipiga teke la kifua, akaenda zake.

Nililala juu ya mtoto. Nilihisi moyo wake ukipiga dhidi ya mbavu zangu, upesi, ule mwendo wa farasi.

"Unaniumiza," alisema. "Mbuzi amekula andazi langu."

Dooron na Burmakan walitukuta kwa kufuata kelele. Wananiambia kwamba sikutaka kumwachia. Wananiambia Dooron alinikunjua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye ule mkanda, na kwamba nilikuwa nikirudia bila kukoma, kwa sauti ya heshima, "Vidole viko mbele, vidole viko mbele." Sina kumbukumbu ya jambo hilo na sitalitolea maelezo zaidi.

Tulishuka kwa mstari. Dooron alikwenda mbele akipapasa njia kwa fimbo, Burmakan nyuma yake akiwa amembeba Sezim mgongoni, mimi mwisho, nimeshika pindo la gauni lake kama mtoto wa chekechea. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kutoa sauti. Nyuma yetu kengele ilikuwa bado inatembea, na kila ilipolia niliona kichwa cha Sezim kikigeuka, na mikono ya mama yake ikikaza.

Mama mdogo alikuwa palepale mlangoni, miguu imenyooshwa, watoto wengine wamelala nyuma yake. Alipotuona alifunika uso kwa viganja. Kisha aliinuka kutupisha. Burmakan aliingia, akashusha pazia zito la mlango, akalifunga kwa kamba, akajaribu fundo kama limekaza.

Alimkalisha Sezim kando ya jiko. Alikuwa bado hajalitaja jina lake. Alipiga magoti, akamvua buti ya kulia, kisha ya kushoto, kisha soksi zote mbili. Akaishika ile miguu midogo yenye matope viganjani, akaigeuza kuelekea mwanga wa moto, akaitazama, kisigino, unyayo, vidole, kwa muda mrefu kuliko mtoto alivyonitazama mimi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anatafuta nini. Tulisubiri amalize.